Sikudhani Juu ya Dungu

Sikudhani binti Isihaka alikuwa mwoga, wala hakuwahi kuficha. Aliogopa radi, aliogopa ng'ombe, na mto Ruvu aliuogopa kuliko vyote. Lakini mpunga hulimwa bondeni. Serikali iliwahamishia watu kijiji cha ujamaa kule juu, Mlandizi, ila mpunga haukuhama. Kwa hiyo kila masika yeye na mumewe Hemedi walishuka na binti yao mchanga, Mwanaamina, kwenda kulinda shamba. Mkwewe, Bi Mwamini, miguu ilishamkatalia, naye hakuhama kabisa. Alisema mwenye ubavu aje ambebe.

Masika ya pili tangu wahamishwe, asubuhi moja, mto ulifurika ukaingia shambani. Maji yalipofika magotini, Hemedi alileta mtumbwi wake, wa watu wawili tu. Akampandisha mkewe na mtoto juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia ndege.

"Usishuke, mama Mwanaamina," alisema. "Nampeleka mama kwenye tuta la reli, nakuja."

Jua likapanda, na maji nayo. Sikudhani alimfunga mtoto mgongoni akakumbatia nguzo. Baba yake, mwalimu wa chuo cha Kurani, alimfundisha tangu utotoni kwamba Mungu ameahidi faraja kwa mwenye dhiki, na ahadi ya Mungu haivunjwi. Sikudhani aliisoma aya ya ahadi ile mpaka midomo ikamkauka, wala haikumwondolea hofu hata chembe. Nyoka alipanda nguzo ya pili, akajizungusha pale. Wakaangaliana, kila mmoja akiogopa kusogea.

Karibu na adhuhuri alipita jirani yao Mwinjuma, maji kifuani, akijivuta kuelekea tutani. Alimwambia ashuke, dungu lile halitamaliza mchana.

"Nipe mtoto, shemeji. Hemedi angekuwa anakuja, angeshafika."

Sikudhani aliteremsha mguu mmoja. Maji yalikuwa ya baridi na yalivuta, na kifuani kwa Mwinjuma ni shingoni kwake. Akaurudisha mguu. Alisema atangoja, maana mumewe asipomkuta atamtafuta mpaka azame. Mwinjuma akaenda zake.

Baada ya kitambo alimwona Mwinjuma kwa mbali akipanda tuta, mzima. Hapo Sikudhani alilia kwa sauti. Aliona amemuua mwanawe kwa woga, kisha woga huo akauita imani. Na sasa maji hayakuwa tena ya kuvukwa kwa miguu.

Nguzo ya pili ikalala, nyoka akaenda na maji. Sikudhani akarudia aya yake, si kwa kuamini sana, ila hakuwa na kingine cha kushika.

Alasiri mtumbwi ukatokea. Alimwita mumewe kabla hajaona vizuri. Aliyepiga kasia alikuwa Mwinjuma, na mtumbwi wa kuazima. Kwa kuwa Sikudhani hakuondoka, alijua pa kumkuta. Alimpokea mtoto kwanza, kisha mama. Sikudhani akauliza Hemedi yuko wapi. Mwinjuma alipiga kasia muda mrefu bila kumtazama.

"Alimfikisha mama yake, shemeji," alisema. "Akageuza hapo hapo kukufuata wewe. Gogo likaupiga mtumbwi."

Sikudhani hakuolewa tena. Uzeeni, mwanawe alipomwuliza kama siku ile Mungu alitimiza ahadi, hakumficha.

"Alitimiza," alisema. "Ila mimi nilishamchagulia wa kumtuma."