Titi la Mwalimu Kwenye Shingo ya Mgeni Rasmi

Shangazi yangu anaitwa Shamba. Hilo jina hakupewa na bibi. Alipewa na baba yangu, mdogo wake wa tumbo moja, sebuleni kwetu, mbele ya wageni.

Ilikuwa hivi. Shangazi ni fundi cherehani. Saratani ilipomwondolea titi la kushoto, akaambiwa la bandia lipo dukani. Akauliza bei, akacheka, akarudi kwenye cherehani yake. Akashona la kitambaa, akalijaza mtama ili liwe na uzito. Wazo zuri kabisa, ila mtama ni mbegu, na shangazi ni mtu wa jasho. Siku hiyo akainama kumpa mgeni chai, kitu cha kijani kikachungulia shingoni mwa gauni. Baba akakitazama, akakohoa, akasema, "Dada, naona mvua zimekubali."

Basi. Mtu mzima na heshima zake, mpaka muuza vocha anamwita Shamba.

Siku hizi anajaza pamba na shanga. Anawashonea wanawake wengine waliotoka kwenye upasuaji, katika chumba cha nyuma cha chama cha hisani kinachochangisha fedha za utafiti wa saratani na kuhudumia wagonjwa. Chumbani kuna cherehani, pazia, kioo kirefu, na kiti ambacho kabla hujakikalia unapiga dua. "Simama wima, mwanangu," huwaambia akiwa na futi shingoni. "Ukikunja mabega unanidanganya vipimo."

Mimi naendesha ukurasa wa chama mtandaoni, kwa kuwa nina simu na sina kazi, na sifa zote mbili zilihitajika. Ndiyo maana naijua kamati. Ni watu wema, jamani, nisiseme uongo. Wana kashida kamoja tu: wanachangisha fedha za saratani ya matiti na hawawezi kutamka titi. Mwenyekiti, mama mstaarabu ambaye hata chafya anaiombea ruhusa kwanza, alipitisha azimio kwamba neno rasmi ni "sehemu husika". Nikaandika tangazo, "Chunguza matiti yako." Likarudi limesahihishwa, "Chunguza sehemu husika." Mtu akauliza kwenye maoni kama ni goti. Mwingine akajibu amechunguza gari lake, breki ziko salama.

Mimi nilicheka. Sikujua hilo azimio litatufikisha wapi.

Ikaja Jumapili ya chakula cha mchana cha hisani. Ukumbi, viti vilivyovishwa kuliko sisi, spika zinazokoroma. Kati ya waalikwa alikuwepo mwalimu wa darasa la tatu, mteja wa shangazi. Kesho yake shule zinafunguliwa, na hajasimama mbele ya darasa tangu apasuliwe. Alikuwa amemwambia shangazi nikisikia: "Dada, wale watoto wanaona kila kitu. Siwezi kusimama pale upande mmoja umebonyea. Nitaomba likizo nyingine. Na nikiomba nyingine, najijua, sirudi tena."

Kwa hiyo shangazi alilimaliza asubuhi ile ile, akalifunga kwenye kitambaa cha maua, akaja nalo ampe huko huko. Akaliweka mezani karibu na mlango, akaenda kunawa mikono. Kosa.

Mjumbe wa kamati akapita akikusanya vitu vya mnada. Akafungua kitambaa. "Hii nini, mwenyekiti?"

Mwenyekiti akalitazama, akalitambua, akaona haya. "Ni... kazi ya mikono. Ya fundi wetu."

Kazi ya mikono ikapelekwa jukwaani.

"Mabibi na mabwana!" mshereheshaji akanyanyua titi la mwalimu juu. "Laini! La mviringo! Mwenyekiti, hiki ni cha matumizi gani?"

Mwenyekiti akatazama dari. "Ni cha sehemu husika."

"Shingo!" mshereheshaji akapiga kelele kama mtu aliyetegua kitendawili. "Mto wa shingo, wa safari!"

Mgeni rasmi, mzee wa biashara ya mabati mwenye shingo inayostahili mto, akapandisha bei kuliko wote, akalinyakua. Akaliweka nyuma ya kichwa, akaegemea, akafumba macho. "Aisee," akasema kwenye kipaza sauti, "hiki kinanikaa."

Shangazi akarudi akifuta mikono. Alipoona, alishika ukuta. Kule nyuma mwalimu amekumbatia mkoba wake kifuani, macho chini.

"Mwenyekiti, lile lina mtu," shangazi akanong'ona.

"Utamshonea lingine."

"Lini? Kesho asubuhi anaingia darasani!"

"Dada, tafadhali, usituaibishe. Mgeni rasmi ameridhika."

"Naona. Anakoroma kabisa."

Akapanda jukwaani. Mimi simu mkononi, narekodi kwa ajili ya ukurasa wetu.

"Kaka, samahani," akamwambia mgeni rasmi.

"Mama fundi! Hongera, mto mzuri sana."

"Asante. Ila si mto. Ni titi, na lina mwenyewe."

Mgeni rasmi hakusogea, kama mtu aliyeambiwa ana nyigu begani. "Titi," akauliza polepole, "la nani?"

"Hilo sisemi. Nirudishie tu."

 

Kule nyuma kiti kikakwaruza sakafu. Mwalimu akasimama. Akaupita ukumbi mzima, meza baada ya meza, bila mkoba kifuani, kila mtu akiona. Akafika, akanyoosha mkono kama anayemnyang'anya mwanafunzi simu.

"Ni langu. Mimi ni mwalimu, na kesho nina darasa."

Mzee akasimama, akampa kwa mikono miwili. "Nisamehe, mwalimu. Nililiegemea."

"Nimeona. Limepata joto, ahsante."

Meza ya wauguzi ndiyo iliyoanza kucheka, na mzee akafuatia, tena kwa sauti kuliko wote. Mwalimu na shangazi wakaenda msalani. Waliporudi, mwalimu hakwenda nyuma tena. Alikaa mbele, mabega yamenyooka, akaomba soda.

Mgeni rasmi hakudai fedha yake ya mnada irudi. Ni mtu pekee ninayemjua aliyewahi kukodi titi kwa ajili ya hisani. Kamati iliniamuru nifute video, nami ni kijana mtiifu, nikafuta. Waliokuwa wameshaihifadhi kwenye simu zao wasiniponze.

Jumatatu jioni shangazi akampigia mwalimu. "Enhe, watoto wamesemaje?"

"Wameniuliza kwa nini nimebadilisha miwani."

Shangazi akakata simu, akakaa kwenye kile kiti kibovu, akacheka mpaka akalia. Au alilia mpaka akacheka, sikumuuliza.

Sasa nyie. Uliyerudi kazini baada ya upasuaji, au mama yako, au jirani: ile siku ya kwanza ilikuwaje? Nani alikuchekesha, nani alikukera kwa pole zake? Andikeni hapo chini. Nitamsomea shangazi zote, akiwa anashona.