Mpira wa Kubakiza

Meza ya puli ya mjomba iko Kibiti, kando ya barabara ya Kilwa, ndani ya kibanda cha makuti. Mguu mmoja umeinuliwa kwa kipande cha kifuu, maana sakafu ilititia wakati wa masika. Hapo ndipo ninapoumalizia ujana wangu, na wala sijutii.

Zamani mjomba alifanya kazi hotelini Dar, akarudi na mchezo ambao huku hatukuujua. Unatumbukiza mipira yote, mmoja unaubakiza. Ile mingine inapangwa upya, halafu unautumbukiza ule uliobaki kwa ujanja, ili mpira mweupe wa kupigia uruke ukaipasue ile iliyopangwa. Ukiweza, unaendelea. Ukikosa, mwenzako anaingia.

"Chagua kwanza wa kubakiza," mjomba huniambia. "Kisha chagua utakaokufikisha kwake. Hiyo mingine ni njia tu."

Nasikia, lakini mikono haisikii. Nikiona mpira mdomoni mwa shimo, nishaupiga. Kichwani tayari niko Dar, taa juu ya meza, watu wanashangilia, kumbe miguu iko Kibiti inachezacheza kwenye ndala.

Siku ile tulitafuta mmoja wa kwenda Utete kuchezea kijiwe chetu. Tulibaki mimi na rafiki yangu wa Ruaruke, mtu mpole, anapiga mpira kama anaamsha mtoto. Atakayetangulia kutumbukiza mipira hamsini ndiye anakwenda. Tulikuwa tumekaribiana, na zamu ilikuwa yangu.

Safari hii nilijitahidi kutulia. Nikabakiza mwekundu, kando kidogo ya pale mipira inapopangwa, na wa njano wa kunifikisha. Ndipo adhana ya alasiri ikasikika.

Kwetu adhana ikisikika fimbo inalazwa, na hakuna anayegusa mpira. Mkirudi, meza mlivyoikuta ndivyo mnavyoicheza.

"Kaombe mwekundu usihame," rafiki yangu akanitania tukitawadha.

Wallahi, sijawahi kuhangaika msikitini vile. Kila nikiinama naona njano. Rakaa zikanichanganya, nikamalizia kwa sijida ya kusahau, nikatoka mbio na ndala moja yangu, moja ya mtu.

Mwekundu ulikuwa umehama. Lori la korosho lilipita, kifuu kikateleza, na mpira ukateremka hadi mdomoni mwa shimo la pembeni. Kutoka pale kuutumbukiza ni rahisi, ila mweupe usingepasua kitu.

"Mjomba, haukuwa hapa huu!"

"Mlivyoikuta," akajibu, huku anakisukuma kifuu kwa kisigino.

"Turudishe tu, mjomba," rafiki yangu akasema. "Mimi nilipaona ulipokuwa."

Nikamwangalia. Naye anaitaka Utete kama mimi.

"Acha," nikamwambia. "Naucheza hivihivi."

Nikaizunguka meza, nikaizunguka tena.

"Oya, umeangusha shilingi?" mtu akauliza, wakacheka.

Basi nikageuza. Mwekundu nikautanguliza, polepole, mweupe ukarudi nyuma ukasimama pazuri kabisa. Sasa wa kubakiza ukawa njano. Mjomba akaipanga mingine, na nikamwona ameacha kutafuna muhogo wake.

Ilitosha kupiga wastani. Lakini nilitaka hadi barabarani wasikie. Njano ikaingia, mipira ikatawanyika meza nzima, na mweupe, kwa furaha zilezile, ukakimbia ukatumbukia shimo la mbali.

"Aaah!" kibanda kizima.

Rafiki yangu hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye mpira mmoja, wa kubakiza, kisha akaanza. Sikuishika fimbo tena.

Alipofikisha hamsini alinijia, chaki puani. "Jumamosi asubuhi tunaondoka. Usichelewe."

"Tunaondoka nani?"

"We vipi? Nikasinzie peke yangu njiani?"

Jumamosi nikawa nyuma yake kwenye pikipiki, upepo unatupiga tukivuka daraja, kipande cha kifuu mfukoni mwangu.

"Kama meza yao imelala upande?" nikampigia kelele sikioni.

"Mwanangu, tulia."

"Nimetulia. Lakini kama imelala?"