Mafuta ya Mume wa Maina

Usaha una harufu yake, na ule wa masikio ya Putulik niliunusa kabla hajavuka mlango wa zahanati yetu, huku kaskazini kwenye barafu. Kazi yangu ni kutafsiri, maneno ya manesi kwa wenzangu na ya wenzangu kwa manesi, na mkalimani hachagui cha kunusa. Mama mdogo Maina alikuwa amembeba ndani ya kofia kubwa ya koti lake, mgongoni, kama tubebavyo watoto wetu. Usaha ulikuwa umemtiririka mtoto shingoni hadi kwenye manyoya ya kofia, wa kijani, mzito, unanuka kama samaki aliyesahauliwa mfukoni. Nikakunja pua, na Maina akaniona.

"Unamkunjia pua mume wangu?"

"Simkunjii yeye, mama mdogo. Naukunjia huo uchafu."

"Alipokuwa mzee ulikuwa unakula kwake hata mikono hunawi. Leo ananuka kidogo, umeshakuwa mzungu!"

Msidhani ni ule utani wa bibi na mjukuu. Mzee Putulik, mdogo wake baba yangu, alikufa kwa kifua. Kabla theluji ya mwaka ule haijayeyuka, mjukuu wao Aalasi akajifungua mtoto wa kiume, naye akapewa jina la marehemu. Kwetu jina haliji peke yake, linakuja na mwenyewe. Aalasi alimwita mwanawe "babu", mimi nikamwita "baba mdogo", na Maina, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu mazishi, akaanza kula tena kwa sababu mume wake amerudi nyumbani.

Maina alizaliwa hemani, na meno yake yamelika hadi kwenye ufizi kwa kutafuna ngozi za buti, maana ngozi isiyotafunwa haishoneki. Ulimi ndio haujalika hata kidogo. Amezika watoto wawili, amelea wanne na mjukuu huyo, na sijapata kumwona akimwomba mtu kitu isipokuwa kimoja: mkia wa nyangumi mweupe. Ngozi ya mkia pamoja na mafuta yake ndiyo aliyoipenda marehemu kuliko chakula chochote. Kila mara redio ya kijiji ilipotangaza kwamba wawindaji wamerudi, watu waende na ndoo zao, Maina alikuwa wa kwanza ufukweni. "Leteni mkia, mume wangu ana njaa." Hakuna aliyemnyima. Akirudi nyumbani aliketi sakafuni, akakata kwa kisu chake chenye umbo la mwezi mchanga, akatafuna kwa vile vigutu vya meno mpaka ikalainika, kisha akamtilia mtoto mdomoni. Aalasi alipokuwa kazini, mtoto alishinda akilishwa hivyo. "Mnaona anavyopanua mdomo? Ni yeye yule!" Nasi tukacheka, tukafurahi naye.

Nesi Josiane alimsafisha mtoto masikio, na pamba zikajaa bakuli. Akasimama nyuma yake akatikisa kengele upande wa kushoto. Putulik hakugeuka. Akaitikisa upande wa kulia, kwa nguvu, na hapo mtoto akazungusha kichwa polepole, akitafuta.

"La kushoto limekwisha," Josiane akaniambia. "La kulia lina tundu, lakini bado linasikia. Likiendelea kuoza hivi, naogopa atakuwa kiziwi kabla hajajua kusema. Dawa nampa, anapona, anarudi. Mwili wake haupigani. Anakula nini?"

Nikauliza. Maina akanyanyua kidevu, akaeleza mkia wote, na utafunaji wote, kwa fahari ya mke anayejua kumtunza mume. Josiane akaanza kueleza, na mimi nikakwama kwenye neno la kwanza, jina la kemikali. Lugha yetu haina neno la kitu hicho. Nikasema, "Sumu isiyooza."

"Kila kitu kinaoza," alisema Maina.

"Hii haiozi."

"Hata mavi yanaoza!"

"Hii haiozi, mama mdogo. Ndivyo anavyosema."

Uso ukamkunjamana. Nikamweleza nilivyoelezwa: kwamba ni mafuta ya mashine za umeme na dawa za kuulia wadudu, yaliyomwagwa na watu wa kusini tangu zamani, upepo na maji vikayaleta kwenye baridi yetu yakatulia, kidudu kikala, samaki akala kidudu, nyangumi akala samaki, na kila mlaji akayaweka kwenye shahamu yake yasitoke tena, isipokuwa kwa njia ya maziwa ya mama. Na yakiwa mengi yanalegeza askari wa mwili, wa nyangumi na wa mtu.

"Nyangumi yule tuliyempasua majuzi," Maina akasema taratibu, "shingo imejaa mitoki, ndani usaha kama uji. Wanaume wakamtosa baharini. Kumbe anaumwa ugonjwa wa mume wangu."

"Siwezi kuapa kwamba ni mafuta peke yake," alisema Josiane. "Moshi wa sigara umo, na kulala wengi chumba kimoja. Aendelee kunyonya, maziwa ya mama yake bado yanamlinda. Samaki wenu wa mtoni ni wazuri. Lakini mafuta ya nyangumi, hapana."

"Muulize, hao waliomwaga wanakula nini?"

Nikauliza. Josiane akaona haya. "Kuku," alisema.

Husemwa mchuma janga hula na wa kwao. Uongo mtupu! Waliochuma janga hili wanakula kuku na watoto wao wanasikia vizuri, na sisi ambao hatujapata kuiona hata hiyo mashine tunakamua usaha. Nilitafsiri lile neno moja, kuku, na likanuka kuliko bakuli la pamba.

Redio ilipotangaza tena, Maina hakwenda ufukweni. Tulikuwa nyumbani kwake, mimi na Aalasi, mpwa wake Juusipi akaja mwenyewe na mkia, akauweka sakafuni mbele yetu, unang'aa. Kwetu mnyama aliyejitoa kwa mwindaji hakataliwi. Ukimkataa, wenzake hawatarudi. Maina akashukuru. Juusipi alipoondoka, Aalasi akasema, "Bibi, tumpe mbwa basi."

"Mbwa ana watoto wananyonya. Huna haya?"

"Sasa tufanyeje?"

"Mimi nimeshakauka maziwa. Sumu ikifika kwangu, haina pengine pa kwenda."

Akachukua kisu, akakata, akatia mdomoni. Nilimtazama. Chakula alichokipenda maisha yake yote alikitafuna kama mtu anayetafuna matapishi, macho yakimtoka machozi. Putulik akanusa, akatambaa mbio, akampanda mapajani na kupanua mdomo. Akangoja. Hakupewa, akapiga kelele, akamshika bibi midomo kwa vidole vyote, akijaribu kuifungua.

Maina akaifumba, akameza.