Yahaya na Ng'ombe Waliokwisha Kufa

Yahaya mchinjaji nilianza kujuana naye kwa ugomvi wa makongoro. Ulikuwa mwaka ule reli ya Wadachi ilipofika Dodoma, na mimi nilikuwa nimeshuka kutoka Kondoa na sufuria moja kubwa, kichwani nina ujuzi wa supu. Vibarua wa reli hawakuwa na wake pale, na mtu aliyebeba mataruma ya reli tangu alfajiri hataki maneno mengi, anataka kitu cha moto tumboni. Nikaenda machinjioni, nje ya kambi, upande wa njia ya Mkonze. Nikamkuta mtu mrefu, mkavu, anafuta kisu kwa jani.

"Kichwa na makongoro unauzaje?"

Akataja bei. Nikacheka.

"Kaka, nimeuliza bei ya kichwa. Ng'ombe mzima sijamuuliza."

"Ng'ombe si wangu. Kichwa na miguu ndiyo haki ya mchinjaji, ndiyo mshahara wangu. Hutaki, Wagogo wa Ipagala watakuja kuchukua, tena hawana mdomo kama wako."

"Wagogo wana ng'ombe wao. Wafuate nini kwako?"

Akanitazama vizuri. "Wewe Mrangi wewe."

"Na wewe. Ndiyo maana unaniibia bila haya."

Tukapatana. Tangu siku hiyo vichwa vyote vikawa vyangu, na uani kwangu mifupa haikukosekana. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa akija kunisaidia kuchambua vitunguu, nampa supu ya kupeleka nyumbani. Sikumpa kwa huruma. Alikuwa anachambua haraka.

Kazi ya Yahaya ilikuwa hivi. Kisu alikijaribu kwa ukucha kabla ya kila mnyama. Akisikia kijino tu kwenye makali, anarudi kwenye jiwe kunoa, na ng'ombe anasubiri. Hakuchinja mnyama mbele ya mwenzake. Vibarua Waislamu, na walikuwa wengi, watu wa pwani na wa Ujiji, walikuwa na swali moja kabla ya kunyoosha bakuli. Mteja wangu mmoja, Abbasi, Mzaramo mwenye sauti ya kuita meli, aliliuliza kila siku kama vile hajawahi kujibiwa:

"Mama supu, nani kachinja?"

"Yahaya."

"Basi tia. Na mafuta usinionee choyo."

Jina la Yahaya liliniuzia supu kuliko pilipili yangu.

Aliyekuwa na kazi ya kulisha kambi nyama ni Shaushi Mustapha. Alikuwa askari wa Wadachi zamani, akapata cheo cha ushaushi, akastaafu na tumbo lake na urafiki wake na wakubwa. Kiangazi kile alinunua kundi zima la ng'ombe Makutupora, kwa bei aliyokuwa akiisimulia kila baraza huku anajipiga kifua. Mimi mtu akinunua kwa urahisi wa namna hiyo, huwa najiuliza muuzaji alijua nini.

Muda si mrefu nikajua. Nilifika machinjioni nikainua kichwa, kama kawaida yangu, nikatazama shingo kwanza. Koromeo halikuwapo. Kwetu hata mtoto anafahamu kwamba kisu hupita chini ya koromeo, likabaki na kichwa. Likiachwa upande wa mwili, nyama ile ina shaka, na mwenye kushika dini haigusi.

"Yahaya, leo umekunywa pombe ya Wagogo? Hiki nakupa nusu ya bei."

"Usinipe hata nusu."

"Robo basi."

"Dada Mwajabu, usikinunue."

Nimefanya biashara na wajanja na wajinga, lakini muuzaji wa kunikataza nisinunue sikuwahi kumwona. Nikakigeuza tena kile kichwa.

"Angalia kisu kilipopita," akasema, sauti chini. "Unaona damu?"

Sikuona. Nyama ilikuwa imefunga rangi kama ya zambarau, na puani kulikuwa na kitu cheusi kimegandia. Nikakiachia kikaanguka, nikasugua mikono kwa mchanga mpaka ikauma.

Ng'ombe wale walikuwa na kimeta. Walikuwa wakifa ghafla ndani ya zizi la Shaushi, na Shaushi hakuwa tayari kupata hasara. Alikuwa akiamuru mizoga iburutwe mpaka machinjioni, Yahaya aipitishie kisu shingoni, ichunwe, ikatwe, ipelekwe kambini ikaitwe nyama.

"Kwa hiyo nakata vibaya makusudi," Yahaya akaniambia. "Naacha koromeo mwilini. Mwenye macho ataona, atakataa kula."

"Nani ataona?"

"Watu."

"Watu gani? Kambini inafika nyama iliyokatwa vipande. Vichwa vinabaki hapa. Anayetazama vichwa ni mimi peke yangu!"

Kijijini kwetu ng'ombe akichinjwa wanaume wote wamesimama pale, na mzee mmoja lazima ainame atazame shingo. Yahaya alikuwa amepiga mbiu yake kwa desturi ya kijijini, mahali ambapo hapakuwa na wa kuinama.

"Acha kazi," nikamwambia.

"Kipande changu cha kazi anacho Shaushi. Nimeandikishwa bomani kwamba nitamchinjia mpaka reli ifike Tabora. Umesahau yule kibarua aliyetoroka kwenye kazi ya kuvunja mawe? Walimrudisha na mnyororo shingoni, akachapwa, na kazi ikawa ileile."

"Basi sema."

"Niseme nini, dada? Swali la kwanza wataniuliza kisu ni cha nani."

Kuanzia siku hiyo nikanunua mbuzi wangu mwenyewe, wazima, nikawatazama macho na mdomo, na Yahaya akaja kunichinjia uani. Abbasi nilimvuta pembeni nikamwambia nyama ya kambi aachane nayo, ale kwangu tu.

"Ndiyo biashara hiyo!" akacheka. "Kwani ya kambi nani kachinja?"

"Yahaya."

"Na hii yako?"

"Yahaya."

"Sasa unataka nini, mama supu? Niache ya bure ninunue yako?"

Ningeongeza neno moja ningekuwa nimemfunga Yahaya kamba, na kamba yenyewe ingenifikia na mimi. Nikamjazia bakuli.

Abbasi hakumaliza mwezi ule. Tumbo lilimvimba, akatapika damu, na waliomzika walisema alikuwa mweusi mpaka midomo. Wengine wakafuata kulala chini. Kambini wakasema ni maji ya kisima, wengine wakasema wenyeji wamewaroga kwa ajili ya reli. Yahaya mwenyewe akatokwa na kidonda mkononi, juu ya kifundo, cheusi katikati kama kaa la moto lililozimika. Akakifunga kitambaa akaendelea kuchinja.

Nilikuwapo machinjioni siku alipojaribu kumwambia Shaushi. Nilikuwa nimefuata kuni tu.

"Shaushi, watu wanakufa."

"Watu hufa, Yahaya. Wewe mtu wa dini hujui hilo?"

"Hii nyama siwezi tena kuipitishia kisu."

Mustapha hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alijikalia juu ya gogo, akajipepea.

"Nenda kwa bwana wa kambi. Njia unaijua. Akikuona mwongo, utakula viboko vya uongo, maana umemsingizia Shaushi aliyepigana vita vyao. Akikuona mkweli, utakula viboko vya ukweli, maana shingo zote zile umezikata wewe. Mimi nimekata hata kuku? Chagua unavyovipenda, mchinjaji wangu."

Kisha akanigeukia, anatabasamu. "Na wewe mama, supu siku hizi ni ya mbuzi. Umechoka na vichwa vyangu?"

"Vimepanda bei, Shaushi."

"Eti?"

"Muulize mchinjaji wako. Mchoyo huyo."

Alinitazama kwa muda, halafu akacheka. Nilibeba kuni zangu nikaondoka.

Yahaya alikuja kwangu akiwa ameshaamua. Niliona kwa jinsi alivyokaa. Alikaa kama mtu aliyekuja kununua shamba.

"Nataka shahidi," akasema.

"Shahidi gharama yake kubwa. Mimi nina sufuria moja na binti wa kulisha. Shaushi akisema neno moja bomani, nafukuzwa hapa na moto wangu unazimwa. Wewe una nini cha kunilipa?"

"Sina."

"Basi tusidanganyane. Niombe kitu ninachokiweza."

Akafikiri. "Jina lako silitaji. Hata wakinichuna, silitaji. Lakini yakinikuta, Mwanahawa umfikishe kwao Kondoa. Asibaki hapa kudhihakiwa."

"Nimekubali."

"Uape."

"Mimi huapa nikiwa nadanganya. Nimesema nimekubali."

Akaridhika. Hatukupeana mkono kwa sababu ya kile kidonda.

Bwana wa kambi, Mdachi, alisikiliza kesi nje, mbele ya hema lake, vibarua wamezunguka. Alikuwa na Kiswahili cha kuamrisha, kifupi, na watu wote walikielewa. Yahaya alisema yote: kundi la Makutupora, mizoga, damu nyeusi. Shaushi alisimama kando kama askari, mikono nyuma.

"Uongo," akasema Shaushi.

"Una shahidi?" bwana akauliza.

Yahaya aliinua kichwa, macho yake yakapita juu ya watu, yakanifika. Nilikuwa nyuma, nimeshika upawa. Yalikaa kwangu muda wa kumeza mate. Kisha yakaendelea mbele.

"Sina shahidi. Nenda zizini, bwana. Alikufa mmoja leo, bado sijamkata."

Wakaenda. Mganga wa kambi, naye Mdachi, alimkuta ng'ombe amelala miguu juu, damu nyeusi puani. Alirudi uso umebadilika, akasema na mwenzake kwa lugha yao. Bwana wa kambi akamgeukia Yahaya.

"Huyu kweli amekufa. Wale wengine, nani amekata?"

"Mimi."

"Ulijua wamekufa?"

"Nilijua."

Pale ndipo mlango ulipojifunga. Bwana hakuhitaji kusema neno, maana vibarua walikuwa wameshasikia. Mtu mmoja alipiga ukelele, "Umetulisha kibudu!" Mwingine, "Abbasi alikula kwa jina lako!" Wakamrukia, askari wakawazuia kwa vitako vya bunduki. Mtu aliyesimama pale ili wasife ndiye waliyetaka kumuua, na Mustapha walimpita kama nguzo. Siwalaumu sana. Mustapha hawakuwahi kumwamini.

Yahaya alichapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, palepale. Zizi lilichomwa moto na mizoga ikafukiwa. Shaushi alinyang'anywa kazi ya kulisha kambi ya Dodoma, na kabla ya mvua nikasikia amepata ya kambi nyingine, mbele huko kwenye njia ya reli. Kipande cha Yahaya hakikufutwa. Alihamishiwa kwenye mawe, kuvunja kokoto, mpaka reli ifike Tabora kama alivyoandikishwa.

Mwanahawa nilimfikisha Kondoa mwenyewe, pamoja na mzigo wa chumvi ili safari isiwe ya bure. Njia nzima hakusema nami. Alijua kwamba siku ya kesi nilisimama nyuma, nimeshika upawa tu.

Nilipata hasara: kwa muda mrefu hakuna aliyekuja kwenye supu, maana kila aliyesikia Yahaya alikuwa akinichinjia uani alitema mate. Ikabidi nimwajiri mzee wa pwani, ghali, mvivu, kisu chake kibutu. Lakini vibarua waliacha kufa, na aliye hai hatimaye hushikwa na njaa. Walirudi.

Reli ilipofika Tabora, Yahaya akapita kwangu, anarudi kwao. Kidonda kilikuwa kimepona, kimeacha shimo. Hakuomba chochote. Alitoa kile kisu akaweka juu ya jiwe la kusagia.

"Nunua."

"Wewe utachinja na nini?"

"Nitachinja nini? Habari imeshafika Kondoa kabla yangu. Hata kuku hawataniletea."

Nikajaribu makali kwa ukucha kama alivyokuwa akifanya yeye. Hakikuwa na kijino hata kimoja. Huko kote kwenye mawe alikuwa akikinoa. Nikampunja kidogo, kwa mazoea. Hakubishana, na hapo nikajua kwamba amekwisha. Nikamwongezea bakuli la supu. Alilishika, akalitazama, akauliza nani kachinja. Nikamwambia ni yule mzee wa pwani. Akaomba aone kichwa kwanza.

Nikamletea. Akainama, akatazama shingo, kisha akala.

Kisu ninacho mpaka leo. Nakatia vitunguu.