Bega Langu na Mgongo wa Mke Mwenzangu

Kumbeba mtoto mgongoni ni kazi ya bega kuliko ya mgongo. Sikulijua hilo mpaka bega liliponigomea. Unainama, unampitisha mtoto chini ya kwapa mpaka alale mgongoni, unamzuia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili unamrushia leso. Kisha mikono yote miwili inakwenda nyuma kuitafuta leso, kuivuta na kuikaza, ndipo ufunge fundo kifuani. Watoto wangu wakubwa wote niliwabeba hivyo bila kufikiri. Kitindamimba alipozaliwa, mkono wangu wa kulia ulikuwa mzima. Alipoanza kukaa bila kushikwa, mkono huo ulikuwa haufiki hata sikioni.

Tuliishi mlimani juu ya Kebirigo, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu alipanda chai wakulima wadogo waliporuhusiwa kuilima, kisha akatuachia sisi hiyo chai akaenda Kericho kuwa karani. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Sisi ni mimi na mke mwenzangu, ambaye nyumba yake ilitenganishwa na yangu kwa migomba. Mimi nilikuwa Msabato, yeye Mkatoliki. Nilisali Jumamosi, yeye Jumapili, kwa hiyo magugu ya shamba letu hayakuwa na siku ya kupumzika.

Hakuwa na mtoto. Alizika wawili wachanga, na baada ya hapo hakupata tena. Hatukuwa maadui wala marafiki. Tulisalimiana, tukaombana chumvi na moto, basi. Mimi sikumwalika katika boma lile, lakini pia sikuwahi kumfungia mlango.

Maumivu yalianza kidogokidogo, nikayapuuza. Nikadhani nimelilalia bega vibaya. Baadaye sikuweza kulilalia kabisa. Kuvaa gauni kukawa na utaratibu wake: kwanza mkono mgonjwa, halafu kichwa, halafu mkono mzima, huku nimeuma meno. Kitambaa cha kichwani nilikifunga kwa mkono mmoja na meno. Chai nilichuma kwa mkono wa kushoto, na kikapu kilipojaa nilisimama hapo kati ya mistari nikingoja mtu aje anitue.

Tiba hazikukosa. Sokoni kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa mfunga vidonda, ambaye baada ya kustaafu alijifungulia chumba cha kutibu watu. Alinifunga mkono kifuani kwa kitambaa, akaniambia nisiuchezeshe mpaka maumivu yaishe. Mimi nikiambiwa na mtu mwenye koti jeupe, natii. Nilikaa nao hivyo mvua zote, na kweli maumivu yakapungua, kila mtu akamsifu. Siku nilipokifungua kile kitambaa, mkono ulikuwa umeshikana na mwili. Ukiusukuma mkono, bega lote linapanda nao, kama mlango uliokwama unavyovuta na fremu yake. Halafu akaja mama mmoja wa kuumika kwa pembe ya ng'ombe, akanichanja, akafyonza, akaniachia alama za mviringo ambazo ninazo mpaka leo. Damu ilitoka ya kutosha. Mkono haukutoka mahali pake.

Dada yangu alipanda kutoka Kiogoro kuja kuniona. Aliniangalia nikihangaika kumbeba mtoto, akashusha sauti.

"Bega haliwezi kujifunga lenyewe," aliniambia. "Ni nani hapa hana mtoto na anamtaka wako?"

"Kunywa uji," nikamwambia.

Sikumwamini. Lakini pia sikumsahau.

Aliyoyasema yaliniingia zaidi kwa sababu ya jambo lililotokea wiki zilezile. Asubuhi moja nilijaribu kumfunga mtoto mgongoni peke yangu. Leso ikanishinda, mtoto akaanza kuteleza upande wa mkono mgonjwa, nami sikuweza kumdaka. Mke mwenzangu alikuwa akipita na kikapu chake. Alimshika mtoto mguu kabla hajafika chini, akampindua, akamweka mgongoni mwake, akafunga, akaenda zake kuchuma. Sikumwita. Kesho yake alikuja mwenyewe na leso yake.

Basi ikawa hivyo. Mtoto akishanyonya, anakwenda mgongoni kwake. Shambani yuko kwake, kwenye foleni ya kupimisha chai yuko kwake. Jumamosi ilibidi aje nami kanisani, maana sikuweza kumbeba mtoto ule mlima wote. Alivaa gauni lake zuri na kukaa safu ya nyuma kabisa, mtoto amelala mgongoni, akaimba nyimbo zetu bila kuzijua. Mzee wa kanisa alifurahi kupita kiasi. Alianza kumletea masomo ya ubatizo. Mke mwenzangu aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, na Jumapili akaenda misa.

Nilimwonea wivu. Sina haja ya kulizungusha neno hilo. Mtoto alikuwa na mahali pake katikati ya mabega yake, na shavu lilipolala hapo mdomo ulibaki wazi na mate yakamlowesha gauni. Akirudishwa kwangu alinyonya vizuri, lakini jicho moja lilikuwa likiangalia yule mwingine ameelekea wapi. Ziwa ndilo lililobaki langu, na nililing'ang'ania kama hati ya shamba. Kisha naye akaanza kula ugali na matoke, na ziwa likawa ni la kumtuliza tu.

Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja duniani: mkono urudi kabla mtoto huyu hajaumaliza umri wa kubebwa. Kufagia na kuchuma chai kungeweza kungoja.

Nilikwenda hospitali ya misheni, safari ya mbali kidogo. Kulikuwa na mama wa Kizungu aliyefundisha watu mazoezi ya viungo, na Kiswahili chake kilikuwa kibovu kushinda changu. Aliuinua mkono wangu, akauzungusha, akanitazama usoni nilipoacha kupumua. Akasema bega limeganda, kwamba halina dawa ya kunywa, na kwamba kwa kawaida linaachia lenyewe.

"Lini?" nikauliza.

"Labda miaka miwili," akasema. "Labda zaidi kidogo."

Nikamwambia nina mtoto mgongoni. Akachungulia nyuma yangu, akaona hakuna mtu, akatabasamu kwa huruma. Alinifundisha kulikanda bega kwa maji moto, kuutembeza mkono ukutani kwa vidole mpaka unapokataa, na kuvuta kamba. Kamba inapitishwa juu ya boriti ya nyumba, miisho miwili inaning'inia. Unakaa kwenye kigoda chini yake, unashika mwisho huu na ule, unavuta kwa mkono mzima, na mkono mgonjwa unapanda utake usitake.

Nikarudi nyumbani, nikatafuta kamba ya mkonge. Mke mwenzangu ndiye aliyepanda juu ya kigoda akaipitisha kwenye boriti, kwa kuwa mimi nisingeweza. Nilivuta siku ile hadi machozi yakanitoka, na nilifurahi, kwa sababu mkono ulipita sikio.

Kwetu kamba inayoning'inia ndani ya nyumba haina maelezo mawili. Anayejinyonga anaiachia jamii nyumba ya kubomolewa na tambiko lisiloisha, na watu hawamlii kama wanavyolia wengine. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, lakini akili yangu yote ilikuwa begani. Shemeji yangu alikuja kuniambia habari za lori la chai. Mlango ulikuwa wazi. Aliona kamba, akaona kigoda, akaniona mimi katikati na macho yaliyojaa machozi. Alirudi kinyumenyume mpaka uani, na alichokipigia kelele huko sikukisikia vizuri, ila boma lote lilisikia.

Baba mkwe akaletwa. Hapa kukawa na shida nyingine, maana kwa heshima yetu baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Mwenye kuamua alikuwa nje amesimama na fimbo yake, amegeukia migomba, na kitu cha kuamuliwa kilikuwa ndani. Nikaomba nionyeshe kazi ya kamba. Shemeji akasimama mlangoni kuwa macho yake.

"Amekaa," shemeji akatangaza. "Anavuta. Mkono unapanda."

"Na shingo?" baba mkwe akauliza.

"Shingo iko mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Mbali tu, tata," akamjibu baba yake. " Sasa mkono unashuka."

Nilitaka kucheka, lakini hakuna aliyecheka. Baba mkwe alifikiri. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na migomba, kwamba kama hospitali imesema kamba, yeye hashindani na hospitali. Lakini mjukuu wake huyu mdogo, aliyebaki peke yake kulala kwangu, hatalala chini ya hiyo kamba. Nichague.

Mke mwenzangu, ambaye alikuwa amesimama pembeni na huyo mjukuu mgongoni, alisema polepole, "Basi iwekwe kwangu. Atakuwa anakuja kuvuta kwangu. Mtoto alale na mama yake."

"Kwako hapana," akasema baba mkwe. "Hiyo ndiyo nyumba ninayoihofia. Kila nikiamka naangalia kama moshi wako umetoka."

Tangu azike watoto wale wawili, sisi wengine tulikuwa tumeuita ukimya wake tabia. Yeye alimtikisa mtoto mgongoni, ingawa mtoto hakuwa analia.

Niliwaza haraka. Bila kamba, mkono ungengoja miaka yake, na miaka hiyo ilikuwa ndiyo hiyohiyo ya mtoto. Nikiwa na kamba, pengine ningemkopesha kwa msimu mmoja wa mvua na kumchukua akiwa bado wa kubebwa. Nilipiga moyo konde, nikasema kamba ikae, mtoto akalale kwa mwenzangu. Jioni ile mke mwenzangu alikuja kuchukua kijiblanketi cha mtoto. Nilikuwa nimekikunja tayari, na nilimpa bila kumtazama. Nilimkasirikia baba mkwe, nikamkasirikia na yule Mzungu, na usiku ule niliichukia kamba yenyewe.

Msimu ukapita, na mwingine, na mingine tena; mtoto akaanza kusema, akamwita mke mwenzangu mama mdogo. Nilivuta asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya ugali. Mume wangu, alipokuja mwisho wa mwezi, mara ya kwanza alilala jicho moja wazi likiilinda ile kamba. Mara ya pili aliitundikia koti. Mkono ulikuwa na ukaidi wa ajabu: wiki nyingi hakuna kitu, halafu siku moja unakuta umeshika utosi bila kuomba ruhusa. Nikaweza kuchana nywele. Nikaweza kufunga kitambaa cha kichwani kwa mikono miwili, na siku hiyo nilikifunga na kukifungua mara kadhaa bila sababu. Kazi ya mwisho ilikuwa kupeleka mkono nyuma ya mgongo. Huko ndiko bega lilikoweka ulinzi mkali.

Lilipoachia, wenye sifa walijitokeza. Mzee wa sokoni alisema ni kile kitambaa chake, ila kilichelewa kufanya kazi. Mama wa pembe alisema damu mbaya hutoka polepole. Mzee wa kanisa alisema ni maombi. Mimi sijui kama ni kamba au ni miaka tu iliyotimia, maana ilikuwa imetimia, na zaidi kidogo.

Jumamosi moja nilijiona niko tayari. Mke mwenzangu alikuja na mtoto, amekwisha kuvaa gauni lake zuri. Nikamwambia leo apumzike, nitambeba mwenyewe.

"Haya, mama," alisema. Alimfuta mtoto pua kwa kidole, akasimama hapo mlangoni na leso yake mkononi.

Niliinama. Mtoto hakuelewa nataka nini, ikabidi mke mwenzangu amsukume kidogo. Nikamweka, nikarusha leso, nikapeleka mikono yote miwili nyuma, nikavuta, nikafunga. Iliuma, lakini fundo lilikaa. Alikuwa mzito kuliko nilivyowahi kumbeba, na miguu yake ilinifika magotini. Tulitoka bomani. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, nikamwimbia, nikamwonyesha ng'ombe wa jirani kana kwamba hajawahi kuwaona. Yeye alikuwa amekaa wima huko nyuma. Hakunilalia. Mikono yake alikuwa ameikunja, hakuigusisha kwenye bega langu popote.

Tulipofika mteremko wa kijito aliniomba nimshushe.

"Umechoka?" nikamwuliza.

"Hapana. Mtu hapandi kwako. Mkono wako unauma."

Aliyasema kama mtoto aliyefunzwa vizuri, na alikuwa amefunzwa vizuri. Tangu aanze kusikia maneno, kila mtu katika boma lile, mimi nikiwa wa kwanza, alikuwa amemwambia asinipande.

Nikafungua fundo, nikamweka chini. Nikachuchumaa mbele yake, nikauinua mkono mpaka juu, nikaupeleka nyuma, nikaurudisha. Nikamwambia aone, umepona, sasa anaweza kupanda siku yoyote anayotaka.

Aliutazama mkono kwa makini. Kisha akasema tukirudi nyumbani atamwuliza mama mdogo kama ni kweli.

Nikamwambia sawa, tutamwuliza.