Plagi ya Nne

Juzi, mkesha wa Idi, binti yangu alinasa kwenye bangili. Alivaa ya kwangu kwa kujishaua, mkono ukavimba, kilio hapo kwenye sinki letu la Tabata utadhani kafiwa. Nikampaka sabuni, nikamwambia, "Kunja dole gumba, lifiche kiganjani. Usivute. Legeza mkono kama umelala." Ikatoka. Yeye akakimbilia zake kucheza, mie nikabaki nimeshika bangili, pua imejaa harufu ya petroli. Petroli, jikoni kwangu, kwenye pilau! Maajabu gani haya, mwenzangu?

Nimekulia Kunduchi na baba na bibi, mama yake. Baba alikuwa na boti ya kupeleka samaki sokoni, na injini yake ilitoka kwenye pikapu iliyokufa. Aliishindilia humo ndani ya sanduku la mbao, ikakabana kila mahali. Plagi, zile za kutoa cheche injini iwake, tatu za mbele alizibadilisha mwenyewe. Ya nne ilijificha huko nyuma, kati ya injini na ubao, na mkono wa baba hauingii hata kwa dua. Wangu, wa kitoto, uliingia. Basi, kazi ikawa yangu.

Nalala kifudifudi, kichwa chini, miguu nje. Natoa waya, nafungua plagi ya zamani kwa spana fupi, naingiza mpya kwa kupapasa tu, maana huoni kitu. Mafuta yananuka mpaka kooni. Nje nawasikia wenzangu wanagombania mihogo ya kukaanga ya jirani, na mie nimo mle kama maiti kaburini. Nililichukia lile sanduku, wallahi nililichukia! Lakini kila nikitoka, baba ananifuta uso kwa fulana yake na kuwatangazia wavuvi, "Fundi wangu huyu!" Sasa hapo utasemaje hutaki?

Siku moja maji yalikuwa yametoka, boti imekaa mchangani. Nikafunga plagi, nikachomeka waya, nikavuta mkono. Haukuja. Nikavuta tena, ngozi ikachubuka. Nikapiga kelele.

"Vuta, mama, vuta!" baba akasema. Kadiri nilivyovuta ndivyo ulivyovimba. Na bahari ikaanza kurudi. Nililisikia wimbi la kwanza likigusa ubao karibu na sikio langu. Nilijua: boti ikielea itayumba, na mkono ule utavunjika. Alikuwa amenishika kifundo cha mguu, akaanza kusoma dua. Hilo lilinitisha kuliko maji.

Kuna aliyekimbia kumwita bibi. Nilimsikia anavyohema, kisha sauti yake juu ya mgongo wangu. "Wewe nyamaza," akamwambia baba. Kwangu akalainika. "Mjukuu wangu, unakumbuka ninavyokuvisha bangili za Idi? Kunja dole gumba. Lifiche. Usivute, mkono ukiogopa unanenepa. Legeza, kama umelala." Akanimiminia mafuta ya nazi begani, yakateremka polepole mpaka kwenye vidole. Nikafumba macho. Nikajifanya niko mkekani kwake, udi unafuka, bangili zinalia. Mkono ukatoka wenyewe.

Baba hakunifuta uso siku ile. Alikaa mchangani akageukia upande mwingine, mabega yanacheza.

Ile plagi ilidumu kidogo, ikafa, na hakuna aliyeibadilisha. Injini ikaanza kumisi, kama wasemavyo mafundi, inakohoa kama mzee wa pumu. Boti iliyokuwa ya kwanza kufika sokoni ikawa ya mwisho, wavuvi wakaipa jina la Kikohozi. Wakimtania, baba anajibu neno moja tu: "Inafika." Nami nilikuwaga darasani nikiusikia ule mlio unapita, wenzangu wanacheka, mie natamani nijifiche chini ya dawati.

Siku hizi pale ufukweni pana ukuta. Injini zinapachikwa nyuma ya boti, unafunua kifuniko unaona kila kitu. Bibi hayupo, baba hayupo, boti iliishia kuwa kuni. Na mlio ule sijausikia tena popote, nami nimeutafuta.

Mkono wangu uliendelea kuingia mle sandukuni kwa miaka, ujue. Nilijaribu mwenyewe, kwa siri, uliingia vizuri tu. Baba alijua. Angeniambia nirudi, ningerudi. Hakuniambia.