Kidonge cha Rangi Mbili

Kwetu Mbagala, kidonge cha rangi mbili hakimezwi. Kinafunguliwa katikati, unga unamwagwa juu ya kidonda, na mgonjwa anaambiwa amepona. Mimi mwenye shahada mbili nililelewa hivyo. Kwa hiyo nilipokuta maganda matupu ya vidonge chumbani kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu anayeishi nasi, nilidhani ameungua na pasi. Elimu yangu iliishia hapo.

Asubuhi ile alishindwa kushika kikombe. Nikamwomba apandishe mkono wa baibui. Chini ya gamba jeupe la unga mkono ulikuwa umevimba, una moto, na pembeni palikuwa na makovu ya zamani.

"Umejikata?"

"Ndiyo."

"Unataka kufa?"

"Hapana, mjomba. Nilikuwa nimejaa tu, sijui pa kupeleka."

Mama yangu alisikia kutoka uani. "Mkifika hospitali semeni amechanwa na bati," akaamuru. "Mkisema kweli wataita polisi, na mtaa mzima utajua."

Kwenye bajaji nikaanza kulitengeneza hilo bati, maana kazi yangu ni kuandika: bati la nani, lilikuwa wapi. Mpwa wangu akanisikiliza hadi mwisho.

"Mjomba, bati gani hilo linanifuata mie tu, na kila mara mkono huo huo?"

Nikacheka. Naye akacheka kidogo.

"Basi sema utakavyo," nikamwambia. "Mie nitakaa hapo hapo, siendi popote."

Kituo cha afya, kwenye chumba cha kufungia vidonda, mpwa wangu alimwamkia muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani.

"Marahaba. Imekuwaje?"

Bati lilinijia mdomoni, nikalimeza.

"Nimejikata mwenyewe," mpwa wangu akasema, akitazama sakafu.

Muuguzi hakushtuka wala hakuita mtu. "Pole, mwanangu. Umefanya vizuri kuja." Akamwambia akunje vidole, kimoja kimoja, aone kama mishipa iko salama. Alipolowesha gamba lile na kuliondoa, usaha ukatoka. "Unga umefunga juu, uchafu umebaki chini," akasema. "Ungekaa nao, ungeingia kwenye damu. Hapo mtu anakufa hata kama hakutaka kufa." Akamchoma sindano ya pepopunda, akampa dawa za kumeza, safari hii za kumeza kweli, kisha akatupeleka mwenyewe kwa mshauri nasaha. Mimi niliachwa nje, kwenye benchi, nikiwa na mkoba wa kike mapajani na shahada zangu zote mbili.

Nyumbani mama alikuwa akisubiri mlangoni. "Mlisema bati?"

"Hapana, bibi. Nimesema mie mwenyewe."

Mama akakunja na kukunjua upindo wa kanga.

"Mnarudi lini?"

"Alhamisi."

"Na mimi nakuja. Mjomba wako hajui kuuliza maswali, anajua kuandika tu."

Sikubisha. Tulienda Alhamisi ile, na zilizofuata. Siku nyingine mpwa wangu anatoka kwa mshauri amenuna, hataki kusemeshwa. Siku nyingine anatoka na njaa, anadai chipsi. Wiki iliyopita alisema hajisikii kwenda. Mama akamjibu kwamba kujisikia hakujaulizwa, avae viatu. Akavaa, akilalamika njia nzima.

Tunaenda tu.